Wewe ya Mlimani

Hoteli yangu ina vyumba tisa. Kila vuli, wageni wa ziwani wakishaondoka na watoto wao na mipira yao, hubaki wale ambao nyumbani hakuna anayewangoja. Sisemi hivyo kwa dharau. Mimi mwenyewe ni mmojawao, ila mimi ndiye ninayeshika funguo.

Huja na masanduku madogo. Huomba chumba kilekile na meza ileile, kisha hula wakitazama dirishani ingawa nje hakuna kitu ila ukungu. Kila mtu na meza yake. Ukisimama mlangoni wakati wa chakula cha mchana unasikia vijiko tu, na mara mojamoja mtu akikohoa na kujiomba radhi mwenyewe. Nimeizoea hali hiyo tangu utoto, kwa kuwa hoteli ilikuwa ya mama kabla haijawa yangu, lakini kuizoea si kuipenda.

Nitakayoyasimulia yalitokea miaka ile ya sitini, na hayaeleweki bila kujua jinsi tunavyoitana. Kwetu mtu mmoja anaweza kuwa "wewe" au akawa "nyinyi", na hilo si jambo la mzaha. "Wewe" ni kwa mama yako, mume wako, mbwa wako na Mungu. Waliobaki wote ni "nyinyi", hata awe mtu mmoja mwembamba kama ufagio. Unaweza kuishi na jirani miaka thelathini, mkaazimana sukari, mkazikiana wazazi, na bado kila asubuhi ni "mmeamkaje" na "asanteni". Huwezi kulala ukaamka ukaanza kumwita mtu "wewe" kwa sababu umejisikia. Lazima itolewe. Mwanamke humtolea mwanamume, na mkubwa humtolea mdogo. Mnajaza vikombe viwili, mnapitishana mikono, mnakunywa, kila mmoja anataja jina lake la ubatizo, na kuanzia hapo mmekuwa watu. Ikishatolewa hairudishwi. Ikitolewa ikakataliwa, aliyeitoa angeona nafuu kupigwa kofi.

Kuna ruhusa moja tu. Milimani, ukishapita mita elfu moja, kila mtu ni "wewe". Nani aliamua, sijui. Labda waliona mtu akiteleza kwenye jabali hakuna nafasi ya kumwambia, "Mheshimiwa Bwana Mhandisi, shikeni kamba hii." Huko juu profesa ni wewe na mchunga ng'ombe ni wewe. Mkishuka mnarudi kuwa nyinyi, na hakuna anayeona ajabu.

Hoteli yangu iko chini ya mstari huo. Si chini sana, lakini ni chini.

Bwana Ottokar Pichler alikuwa mpima ardhi wa serikali, mstaafu, kutoka mji wa Linz. Mtu mrefu, mkavu, anayekunja kitambaa chake cha mezani kana kwamba ni ramani. Mkewe Hermine alifariki zamani, watoto hawakujaliwa. Bi Leopoldine Sedlak alikuwa mwalimu wa piano kutoka Vienna, mdogo kwa Bwana Pichler kwa miaka minane hivi. Mumewe alikwenda vitani Urusi na hakurudi, wala hakuna aliyepata kusema kwamba amekufa, kwa hiyo Bi Sedlak hakuwa mjane na hakuwa mke. Wote wawili walikuwa wakija kila vuli kwa majuma mawili, wakakutana hapa kwangu, na kila kukiwa na jua walipanda pamoja mpaka kibanda cha malisho cha binamu yangu Vroni kula mkate na kunywa mtindi.

Siku moja nilipanda nao, kwa kuwa Vroni alikuwa ameagiza mikate. Nilitembea nyuma na kapu langu.

"Mmechoka, Bi Sedlak?" aliuliza Bwana Pichler.

"Hata kidogo, Bwana Pichler. Na goti lenu?"

"Linawasalimia."

"Mliambie nimeshukuru."

Basi ndivyo hivyo, njia nzima, kama watu wawili kwenye foleni ya posta. Tukafika kwenye hori la maji wanaponywea ng'ombe. Bwana Pichler akasimama, akavua kofia, akautazama mteremko kushoto na kulia. Mpima ardhi ni mpima ardhi, mstari wa mita elfu alikuwa ameupima mwenyewe, na ulipita palepale kwenye hori. Akavuka hatua moja. Akageuka, akampa Bi Sedlak mkono.

"Haya, Poldi."

"Haya, Ottokar. Lete hilo koti, unatoka jasho kama farasi wa kukokota bia."

"We nawe! Farasi wa bia siku hizi anakunywa petroli."

"Usinichekeshe, nitaanguka."

"Anguka. Nitakuokota, nikuweke mfukoni, nikupeleke Linz."

"Mfuko wenyewe umetoboka. Nimeuona jana."

"Si ungenishonea basi!"

"Jana ulikuwa 'nyinyi', ningekushoneaje?"

Nusura nidondoshe mikate. Leopoldine akawa Poldi, na wote wawili walibadilika hadi sauti. Yule bibi aliyekuwa akiomba chumvi kwa kunong'ona alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu, na yule mzee mkavu alikuwa anaokota majani mekundu na kumchomeka kwenye nywele. Kule kibandani walikula kutoka sahani moja. Vroni alinivuta jikoni.

"Hawa wamefunga ndoa lini?"

"Hawajafunga hata kifungo," nikamwambia.

Jioni tukashuka. Walikuwa wanaimba. Tulipofika kwenye hori wimbo ukakatika katikati ya ubeti, Bwana Pichler akavaa kofia yake, akamwachia mkono.

"Angalieni hayo mawe, Bi Sedlak. Yanateleza."

"Asanteni, Bwana Pichler."

Sikujua nilie au niwachape wote wawili na kapu.

Mimi si mtu wa kunyamaza. Niliwauliza kila mmoja kivyake. Bwana Pichler akanijibu akiwa amesimama wima mbele ya kaunta yangu, "Bi Lackner, ni mwanamke anayetoa. Mwanamume hadai kitu kama hicho. Nitaonekanaje?" Bi Sedlak naye, nilipompelekea chai chumbani, akaniambia, "Yeye ni mkubwa wangu. Mkubwa ndiye anayetoa. Sikulelewa kumtangulia mtu mzima." Wote wawili walikuwa sahihi. Ungeweza kufungua kitabu cha adabu ukawapa alama zote, na wakati huohuo vuli zinapita, nywele zinakwisha, na kwenye chumba changu cha kulia kuna meza mbili za mtu mmoja mmoja zilizotengana kwa upana wa kiti.

Mwaka mmoja Bwana Pichler alikuja na fimbo. Goti lilikuwa limemwisha. Daktari alikuwa amemkataza kupanda hata kilima cha kanisa. Aliniambia habari hiyo siku ya kwanza, akiandikisha jina lake, bila kuniangalia.

"Na jambo jingine, Bi Lackner. Ndugu yangu Wenzel alifariki mwezi wa pili."

"Poleni sana, Bwana Pichler."

"Ndiye alikuwa wa mwisho." Akachezea kalamu. "Wa mwisho kuniita 'wewe'. Huku chini hakuna tena. Linz naweza kukaa mwezi mzima na hata muuza magazeti ananiita 'nyinyi'. Amebaki Poldi tu. Na yeye ni kuanzia kwenye hori kwenda juu, tena kukiwa na jua."

Alisema "Poldi" akiwa kwenye kaunta yangu, chini ya mstari, na nadhani hakujisikia alivyosema.

Jua likatoka siku ya tatu. Bi Sedlak aliteremka mapema amevaa viatu vya mlimani na ile sketi yake nene ya kijani, mashavu mekundu kama msichana anayengoja kuchukuliwa kwenda dansini. Bwana Pichler akaja kutoka chumbani kwake na fimbo, miguuni amevaa viatu vya manyoya vya ndani.

"Leo nendeni peke yenu, Bi Sedlak."

"Basi tutakwenda kesho."

"Wala kesho."

Bi Sedlak akamtazama viatu, akaelewa. Alisimama pale ukumbini kwa muda na fito zake za kutembelea mikononi. Kisha akasema amesahau glavu, akapanda chumbani, na hakushuka mpaka saa ya chakula. Mlimani hakwenda siku ile wala zilizofuata. Wakawa wanakula, kila mtu mezani kwake, jua linawamulika kwa fujo kana kwamba linawasuta.

"Supu ni nzuri leo, Bwana Pichler."

"Nzuri sana, Bi Sedlak. Mmetia chumvi?"

"Kidogo tu."

Hicho ndicho walichobakiwa nacho, chumvi ya supu.

Katikati ya hayo akatua Alois Kessel, mchuuzi wa kofia kutoka Tyrol, jimbo la milima mirefu, na makasha yake ya mviringo yaliyojaza ngazi nzima. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kuamsha wafu, na kwake yeye duniani hakukuwa na "nyinyi" hata mmoja.

"Burgi!" aliniita kwa jina langu hata kabla sijampa ufunguo. "Una bia baridi, Burgi?"

"Bwana Kessel," nikamwambia, "sisi hapa bado tuko chini."

"Chini ya nini?"

"Ya mita elfu."

"Mimi ni wa Tyrol, dada yangu! Mimi hata nikizama ziwani niko juu!"

Nilicheka, nakiri. Lakini siku zile wanaume walikuwa wanaacha kuvaa kofia, na Kessel alikuwa amezunguka bonde zima bila kuuza hata moja, na nikagundua upesi kwamba alikaa kwangu siku nyingi kuliko inavyomlazimu mchuuzi. Mkewe alikuwa amebadilisha kitasa cha mlango. Alinisimulia hilo akicheka, huku anatafuna, na chakula kikampalia.

Naye akapanda mlimani, akafika kwa Vroni, na Vroni mdomo wake hauna mlango. Jioni ile Kessel aliingia chumba cha kulia uso umeiva kwa jua na kitu kingine, akasimama katikati ya meza mbili.

"Ottokar! Mzee mzima! Nimesikia habari zako huko juu. Kumbe ulikuwa kijana! Poldi hivi, Poldi vile, majani kwenye nywele!"

Vijiko vikanyamaza. Bwana Pichler akaweka chake chini taratibu.

"Sina habari na mnachosema, Bwana Kessel."

"Acha hizo! Sasa goti limekufa, ndiyo na mahaba yameachwa huko na ng'ombe?" Akamgeukia Bi Sedlak, na nadhani kwa akili yake yeye alikuwa anafanya wema. "Poldi, mama, mwonee huruma mzee wa watu! Mpe hiyo wewe yake hukuhuku chini. Huyu hapandi tena, si unaona?"

Bi Sedlak alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Bwana Pichler alikuwa mweupe. Nilikuja na sinia, nikamwambia Kessel kahawa yake iko chumba cha sigara, na kwa jinsi nilivyosema akaifuata. Baadaye kidogo nilipopita nilimwona huko, peke yake mbele ya kioo, anajaribu kofia zake moja baada ya nyingine na kujivulia kwa heshima. Sikuwa na nafasi ya kumhurumia.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Kabla ya chakula cha mchana mlango wa jikoni ukagongwa, akaingia Bi Sedlak. Alikuwa amevaa gauni la bluu ambalo sikuwahi kuliona, na bruchi ya mawe mekundu kifuani. 

"Bi Lackner, nawaomba vikombe viwili vidogo vya ile pombe yenu ya msonobari."

Nikaweka mwiko chini.

"Viwili?"

"Viwili. Nimekuwa mwoga miaka yote hii na nimeuita woga wangu adabu. Yule mchuuzi ni mpumbavu, lakini usiku kucha nimefikiri, na sitaki kufa nikiwa 'nyinyi'."

Nilitaka kumkumbatia. Nilimjazia vikombe mpaka ukingoni. Nilitaka kumbebea, akakataa, akavichukua mwenyewe, na mimi nikasimama nyuma ya mlango nikiwa nimeuacha wazi kiasi cha pua yangu.

Alitembea hadi meza ya Bwana Pichler bila kumwaga hata tone.

"Bwana Pichler, mnaniruhusu nikae?"

Akainuka, maana ni mtu wa kuinuka hata goti likatike. Bi Sedlak akaketi, akasogeza kikombe kimoja mbele ya mwenzake, akainua kingine.

"Mimi naitwa Leopoldine," akasema.

Bwana Pichler alikitazama kile kikombe, na nikaona uso wake unalegea, nikaona kabisa anavyopeleka mkono. Kisha macho yake yakapita juu ya bega la Bi Sedlak yakakutana na Kessel, ambaye alikuwa ameacha madonge yake ya unga, ametabasamu sikio hadi sikio, na ameinua bia yake juu kuwapongeza. Mkono wa Bwana Pichler ukarudi mezani.

"Mnanifanyia hisani, Bi Sedlak."

"Si hisani."

"Jana mmeombwa mnionee huruma, leo mmekuja. Mimi napima mambo kama yalivyo."

"Nimekuja kwa sababu nimetaka. Nimetaka kwa miaka."

"Basi tungoje. Mwakani goti likiwa zuri tutapanda, na kule kila kitu kitakuwa kama kawaida."

"Goti halitakuwa zuri, Bwana Pichler," akasema Bi Sedlak, kwa upole mno. Lilikuwa neno la kweli na ndilo lililoharibu kila kitu.

Bwana Pichler akakisukuma kile kikombe, kidogo tu, upana wa kidole.

"Basi tuache mambo mahali yalipo."

Bi Sedlak akakiweka chini kikombe chake bila kukinywa, akainuka.

"Kama mnavyoona vyema. Chakula chema, Bwana Pichler."

Akaondoka chumbani amenyooka, akashika kishikio cha ngazi, akapanda. Kessel alikuwa bado ameshika bia yake juu, hajui aishushe wapi.

Mimi nilitoka jikoni na sinia la nyama, na Mungu anisamehe, nilitaka kumpiga nalo. Nilimwekea sahani yake kwa kishindo.

"Nimefanya vibaya, Bi Lackner?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Mmefanya vibaya sana, Bwana Pichler. Pandeni mkagonge mlango wake sasa hivi."

"Kwenye chumba cha mwanamke? Mchana wa Jumapili?" Alikuwa ameshtuka kweli. "Hapana. Kesho, baada ya kifungua kinywa, nitamwomba radhi mbele yenu, kwa utaratibu. Nami nitamwomba anitolee tena."

"Hiyo haitolewi mara mbili, Bwana Pichler."

"Nitamwomba," akasema.

Bi Sedlak aliondoka kwa basi la alasiri. Mimi ndiye niliyembebea sanduku hadi kituoni. Aliniambia, "Kwaherini, Bi Lackner, nimekuwa na raha kwenu," na nilijua ananiaga moja kwa moja. Bwana Pichler alikuwa amelala na kitambaa cha baridi gotini. Alijua jioni, alipoona sijatandika meza ya pili. Alikula chakula chake chote, akakunja kitambaa, akasema nyama ilikuwa laini.

Mwaka mzima ukapita. Nilidhani hatarudi, akarudi, na fimbo mbili sasa badala ya moja. Aliomba meza ileile. Siku ya kwanza nilitandika na ile ya jirani yake, kwa mazoea au kwa matumaini, hata sijui. Hakuuliza kitu. Kila basi la alasiri lilipopiga honi kwenye kona, alikuwa akinyoosha tai yake, na basi likishapita alikuwa akilegeza. Sikuvumilia kumwangalia. Siku ya tano niliiondoa ile meza, na hilo pia hakuliuliza.

Ndipo siku moja, adhuhuri, nikiwa naleta supu ya vipande vya chapati, akaniambia anataka kupiga simu Vienna.

"Sasa hivi, Bwana Pichler? Supu imo mezani."

"Sasa hivi, kabla sijaghairi. Nambari ninayo. Nimekuwa nayo tangu majira ya baridi."

Siku zile simu ya hoteli ilikuwa kwenye kijumba cha mbao chini ya ngazi, na mimi ndiye niliyeunganisha kutoka kwenye kaunta. Nilipaswa kuweka chini kisikilizi changu laini ikishapatikana. Sikukiweka. Anayetaka kunilaumu anilaumu, lakini kama ungekuwa umeyaona niliyoyaona, nawe ungesikiliza.

Simu ililia kwa muda mrefu. Ilipoinuliwa nikasikia kwa nyuma piano, mtoto anapiga ngazi za sauti na kukosea.

"Sedlak," ilisema sauti yake.

"Poldi," akasema Bwana Pichler.

Palepale chini ya ngazi, na harufu ya supu ukumbini. Nilijishika mdomo.

"Poldi, ni mimi. Ottokar. Ni mimi, unanisikia? Mimi niko huku chini, Poldi, niko hotelini, na nakwambia wewe. Nilikuwa mjinga. Hujambo? Uko..." Pumzi zikamwishia.

Piano ikanyamaza. Nilimsikia Bi Sedlak akivuta pumzi, nikamsikia akiizuia. Nilikuwa namwombea kwa moyo wote aseme neno lolote.

"Samahanini, Bwana," akasema mwishowe, bila hasira yoyote, kama mtu anayemwelekeza mgeni barabarani. "Nadhani mmekosea nambari."

Simu ikakatika.

Hata hapo sikukiweka chini kisikilizi changu, kwa hiyo nikasikia yaliyofuata. Bwana Pichler hakukata. Alidhani niko jikoni au alidhani niko kaunta namtazama kupitia kioo, sijui, lakini aliendelea kuzungumza kwenye ile laini iliyokufa, kwa sauti ya kawaida, yenye kicheko kidogo ndani yake.

"Ndiyo. Ndiyo, Poldi. Hata mimi. Goti? Linakusalimia. Hapana, usije, njia ni ndefu na hali ya hewa yenyewe unaijua. Umevaa vizuri? Haya. Haya basi, jitunze. Mwakani."

Akatundika simu. Alitoka kwenye kijumba na fimbo zake, uso umetulia, tai imenyooka.

"Anawasalimia, Bi Lackner," akasema.

"Nashukuru," nikasema. "Yu mzima?"

"Mzima sana. Ana wanafunzi wengi mwaka huu."

Akajikokota hadi mezani kwake. Nilimfuata. Chumba kilikuwa kitupu, mwaka ule tulikuwa na yeye tu. Alifika kwenye kiti akasimama hapo, fimbo moja mkononi, nyingine imeanguka, haketi, kana kwamba amesahau viti vinatumikaje. Nami, niliyekuwa nimemwita "nyinyi" tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, niliyefundishwa na mama kwamba mwenye hoteli hamwiti mgeni "wewe" hata hoteli ikiwaka moto, nikaona siwezi. Nilikuwa mwanamke, na mwanamke ndiye anayetoa. Sikuwa na vikombe wala pombe, nilikuwa na bakuli la supu.

"Kaa, Ottokar," nikamwambia. "Mimi ni Burgi. Kaa ule, inapoa."

Aligeuza kichwa akanitazama. Nikasikia masikio yananiwaka kama ya msichana, na mara moja nikajua Bi Sedlak alivyokuwa amekaa pale na kikombe chake. Macho yake yalikuwa yamejaa, sitasema uongo. Kisha akaketi, akakunjua kitambaa, akakilaza magotini.

"Asanteni, Bi Lackner," akasema.

"Karibuni, Bwana Pichler," nikamjibu, nikainama kuiokota fimbo yake.